Mwalimu wa Kiitaliano kwa Imani

Jumapili, 3 Agosti

Naapa kuandika yote humu, hata yale yatakayonifanya nionekane mjinga. Mwalimu Hedwiga, anayetufundisha Kiswahili cha kuandika kila Jumamosi, anasema shajara inayoficha mambo ni kioo kilichofunikwa kitambaa. Basi nafunua.

Jina: Sagesse. Umri: miaka kumi na sita. Makao: Malvern, Johannesburg, chumba cha nyuma ya saluni ya Tantine Brigitte, mdogo wake Mama, mtaa wa Jules. Mama mwenyewe yuko Italia, mji mdogo karibu na Bari, anamtunza ajuza mmoja aitwaye Bibi Ada. Alikwenda kwa mwaka mmoja tu. Mwaka huo haujaisha. Gauni aliloniachia nikue nalo limeshanibana kwapani.

Mama hawezi kurudi kwa sababu Bibi Ada hana mtu mwingine. Hilo nimelikubali. Mpango wangu ni kwamba nitakwenda mimi. Na sitakwenda kama mtoto anayelilia mama uwanja wa ndege. Nitakwenda kama mwalimu wa Kiitaliano.

Bahati mbaya, leo mpango umenitoka mdomoni kabla haujaiva.

Kanisani kwetu, ambapo zamani palikuwa gereji na hadi leo pananuka oili karibu na mimbari, tuna ushuhuda wa imani. Unamshukuru Mungu kwa jambo ambalo hujalipata, kana kwamba umeshalipata, na kanisa linalipokea kwa makofi. Ukishashuhudia, ni mwiko kusema "bado". "Bado" ni kukosa imani. Mama Célestine, anayesuka nywele pamoja na Tantine, aliwahi kushukuru kwa friji. Miezi mingi tulikuwa tunamwuliza friji inaendeleaje, naye anajibu kwamba inagandisha vizuri. Siku moja friji ikaja kweli.

Leo akasimama Arlène, binti wa mchungaji. Akashukuru kwamba yeye tayari ni mwalimu wa Kifaransa. Kifaransa! Lugha anayogombezwa nayo kwao kila siku. Makofi. Baba yake akajifuta macho. Kisha Arlène akaketi, akanitazama viatu.

Sijui nani alinisimamisha. Nikajisikia nikimshukuru Mungu kwamba mimi tayari ni mwalimu wa Kiitaliano, nimesoma chuo kikuu, nina cheti, nina hata leseni. Ngoma ikapigwa. Makofi yangu yalikuwa mengi kuliko ya Arlène, nasema kweli mbele za Mungu. Mama Célestine akanikumbatia, akaniita Mwalimu.

Nalala na jina hilo kinywani kama peremende.

Jumatatu, 4 Agosti

Baada ya shule nilikwenda kwa Mwalimu Hedwiga kuuliza inachukua muda gani.

Hakuna anayejua zaidi yake. Alikuwa mwalimu Morogoro. Huko aliolewa na mkimbizi wa siasa wa Afrika Kusini, na nchi ilipofunguka akaja naye huku, akakuta ualimu wake unapaswa kupimwa upya kuanzia sifuri kabla hajaruhusiwa kushika chaki. Anaizungumzia safari hiyo kama watu wengine wanavyozungumzia upasuaji.

Alinieleza polepole. Kwanza kumaliza shule, na alama nzuri. Kisha shahada, Kiitaliano ndani yake hadi mwaka wa mwisho, pamoja na somo la pili, kwa maana shule zinazofundisha Kiitaliano ni chache na mwalimu lazima ale. Kisha, baada ya shahada, cheti cha ualimu cha mwaka mzima. Humo kuna mazoezi ya kufundisha: unasimama mbele ya watoto wa kweli, na mtu anakaa nyuma ya darasa akiandika makosa yako. Kisha ndipo unajisajili kwenye Baraza la Walimu. Na Baraza haliangalii vyeti peke yake. Linataka pia karatasi ya polisi kwamba huna rekodi ya uhalifu.

Niliuliza kama mtu anaweza kuanzia mwisho.

Mwalimu Hedwiga aliweka kikombe chini. Akasema katika miaka yake yote hajawahi kuulizwa swali hilo, na anaomba asiulizwe tena.

Lakini nilipokuwa narudi nyumbani niliyapitia masharti yote kichwani. Shahada sina. Cheti sina. Somo la pili sina. Uhalifu pia sina! Kuna sharti moja nimeshalitimiza, na yeye hakuliona.

Jumanne, 5 Agosti

Nilikwenda kituo cha polisi.

Ieleweke kwamba karatasi zetu zote ni halali. Hata hivyo Tantine ana sheria: polisi anasalimiwa kutoka upande wa pili wa barabara. Watu wa kwetu waliotoka Uvira, Kongo, kwa miguu hawaingii kituoni kwa hiari yao. Mimi nilisubiri robot, taa ya barabarani, iwe kijani, nikavuka, nikaingia, nikasema nimekuja kutoa alama za vidole.

Konstebo aliniuliza nimefanya nini. Nikasema sijafanya kitu, ndiyo maana nimekuja. Akauliza ni ya kazi gani. Nikamwambia: mwalimu wa Kiitaliano. Akamwita mwenzake aje asikie. Mwenzake akataka niseme kitu kwa Kiitaliano.

Nikasema, "Alza il piede. Piano piano."

Akauliza maana yake. Nikamwambia: inua mguu, polepole. Akainua. Konstebo akamwangalia mwenzake aliyesimama kwa mguu mmoja nyuma ya kaunta, akasema eish, huyu kweli mwalimu.

Hata hivyo hawakunipa kitu. Karatasi hiyo, walisema, haikai kama mvinyo. Baada ya miezi michache hakuna anayeikubali. Nirudi nikiwa na shahada.

Mwenye spaza, duka dogo la kona, alikuwa ameniona nikiingia. Habari ilitembea haraka kuliko mimi. Nilikuta saluni imefungwa mchana kweupe, mteja amekaa na nusu ya kichwa kilichosukwa, na kina mama wa maombi wamepiga magoti juu ya nywele za bandia wakinililia. Tantine aliponiona mzima alimshukuru Mungu. Alipojua nilikwenda mwenyewe, shukrani ikaisha. Aliniuliza kama nina wazimu. Aliniuliza angemwambia nini dada yake. Hapo sauti yake ikakatika, na sikupenda.

Adhabu: kufagia nywele kila jioni hadi mwisho wa mwezi.

Jumatano, 6 Agosti

Mambo yamekua.

Jumamosi ni Siku ya Wanawake. Kina mama wa kanisa huenda kwenye nyumba ya wazee, upande wa mashariki, kuwaosha bibi wa huko nywele na kuwachana. Kuna bibi mmoja Mtaliano, Signora Pia, ambaye hataki kuguswa. Amesahau Kiingereza chote, kimebaki Kiitaliano. Mwaka jana alimpiga Mama Célestine kofi la mkono, na tangu siku hiyo nywele zake zimefungamana kama kiota. Mchungaji ameona jibu. Si tunaye mwalimu wa Kiitaliano?

Ningesema "bado". Lakini "bado" ni kukosa imani, na Arlène alikuwa amesimama pale pale, akisubiri niseme.

Nikasema kipindi cha kwanza ni leo, saa kumi na moja.

Walikuja kina mama watatu, kila mmoja na kigoda chake. Niliwafundisha Kiitaliano chote ninachokijua. Sikukipata kitabuni. Mama akinipigia, huweka simu kwenye rafu, sauti juu, akaendelea na kazi, kwa sababu ndio muda pekee alio nao. Tunazungumza vipande vipande. Ananiuliza habari za shule, kisha anageuka: apri la bocca, fungua mdomo. Ananiambia nivae sweta, kisha: hai freddo?, unasikia baridi? Ndivyo nilivyojifunza. Inua mguu. Kunywa kidonge. Polepole. Usiogope, sono qui, nipo hapa. Na brava. Bibi Ada akimaliza supu anaambiwa brava. Akigeuka kitandani, brava. Mimi nilikuwa wa kwanza kwenye hesabu, na Mama alifurahi sana, alisema hongera mwanangu, kisha kijiko kikaanguka huko akaenda kukiokota.

Simwonei wivu mzee wa watu. Naandika tu.

Arlène alikuja. Hakuwa mwanafunzi. Alikaa nyuma, akaandika makosa yangu. Nikakumbuka maneno ya Mwalimu Hedwiga, nikamshukuru moyoni: hayo yalikuwa mazoezi ya kufundisha, yenye mkaguzi kabisa. Sharti la pili!

Mwishoni Mama Célestine akauliza jambo. Wazee, alisema, kila siku wanataka kurudi nyumbani, hata wakiwa wamekaa hapo miaka. Sasa kwa Kiitaliano tunasemaje "rudi nyumbani"?

Nilitafuta kichwani. Hakuna. Katika simu zote hizo sijawahi kumsikia Mama akilisema neno hilo. Bibi Ada yuko nyumbani kwake tayari.

Nikawaambia hilo ni somo la mwaka wa pili. Arlène akaandika.

Ijumaa, 8 Agosti

Siku mbaya.

Nilikwenda kwa Mwalimu Hedwiga kumjulisha kwamba nimeshapata masharti mawili. Akauliza mbona nina haraka hivyo. Sikukusudia kumwambia, lakini alikuwa amenimiminia chai, na mtu akikumiminia chai bila kuulizwa unamwambia. Nikasema nikipata leseni ya Baraza nitakwenda kufundisha Kiitaliano mji anaokaa Mama.

Alinisogezea sukari. Kisha akasema, kwa upole ambao sijawahi kuusikia kwake:

"Mwanangu, Italia hawana upungufu wa Waitaliano."

Nilisema nini? Nilisema ndiyo, shikamoo, kana kwamba ndiyo kwanza naingia.

Akanieleza. Leseni ya Baraza la huku ni ya kufundisha huku. Huko wana masharti yao, na ningeanza tena mwanzo, kama yeye alivyoanza tena alipokuja huku. Kwa hiyo mpango wangu wote, chuo kikuu, cheti, Baraza, polisi, ungenipa ruhusa rasmi ya kubaki Johannesburg. Njia ndefu kuliko zote ya kutokwenda popote.

Kisha akainuka. Alinifungia mandazi kwenye karatasi.

Mama alipiga jioni. Wakati huu wa mwaka saa yetu na saa yao ni moja. Alisema huko joto, amefungua madirisha yote. Mimi nilikuwa na koti na miguu juu ya hita. Saa ileile, lakini yeye yuko kiangazi na mimi niko kipupwe. Nilitaka kumwuliza atarudi lini, nikasikia Bibi Ada akiita, "Teresa! Teresa!" Hata jina lake wamelibadilisha. Thérèse ni jina letu. Mama akasema subiri, mwanangu.

Nikasubiri. Nilisikiliza kijiko kikigonga bakuli hadi salio lake likaisha.

Kesho nyumba ya wazee. Nimeomba mvua. Agosti hapa haina mvua.

Jumamosi, 9 Agosti

Niliapa kuandika yote. Haya.

Signora Pia alikuwa dirishani kwenye kiti cha magurudumu, mdogo, mweupe, nywele kama mwiba. Tulimzunguka: kina mama watatu na mabeseni, Arlène na kalamu, mimi kama mwalimu. Mama Célestine alianza. Alikuwa amekariri vizuri mno. Alisema yote kwa mfululizo, kama zaburi: fungua mdomo, inua mguu, kidonge, unasikia baridi, polepole. Signora Pia alifungua mdomo. Akainua mguu. Kisha akauliza kitu kwa sauti kali, akaendelea, akanyoosha kidole, akasema maneno marefu sana ya Kiitaliano cha kweli.

Sikuelewa hata moja.

Kanisani kwetu mhubiri akisema, mkalimani hutafsiri papo hapo, hasubiri. Kina mama wote wakanigeukia wakingoja. Nikafungua kinywa, nikasema, "Anasema anamshukuru Mungu kwa kutuleta."

"Amina," wakasema.

Nesi wa pale, dada mmoja wa Soweto aliyezoea maneno ya bibi huyo, akacheka hadi akashika ukuta. Akasema bibi amesema chai yake imepoa, na hawa watu ni nani, na nani ameruhusu waingie.

Hakuna aliyecheka isipokuwa nesi. Hilo lilikuwa baya zaidi. Mama Célestine alishusha taulo taratibu. Nilijua kwamba sasa angeniita Sagesse, sio Mwalimu. Kwa aibu nikakaa chini, sakafuni, karibu na gurudumu la kiti. Bibi wa watu akaanza kulia. Alikuwa anaogopa. Tulikuwa wengi.

Sikufikiri. Bibi Ada akilia, Mama hufanya sauti fulani, ya chini, kama anaongea na kitu kilicholala. Ikanitoka hiyo.

"Sono qui," nikasema. "Sono qui."

Ilikuwa sauti ya Mama. Sijui namna nyingine ya kuieleza. Haikuwa kama ya Mama, ilikuwa yake, imekaa kooni mwangu muda wote nami sikujua. Nilishtuka nikaangalia nyuma, kama mpumbavu, kuona kama amesimama mlangoni.

Signora Pia aliacha kulia. Akanishika mkono, pale ninapovaa saa. Kisha akainamisha kichwa upande wangu, kama wateja wa Tantine wanavyofanya, na hapo hapakuhitajika Kiitaliano, kwa sababu kushika kichwa cha mtu ni jambo ninalolijua tangu utoto. Mama Célestine alinipa kitana chenye meno mapana. Nikaanzia nchani. Polepole. Nikafungua kiota chote.

Nilipomaliza akajigusa nywele, akaniambia, "Brava."

Mama Célestine alikwenda kutazama dirisha, ingawa nje palikuwa na magari tu. Mimi sikulia. Nilikuwa na kitana mkononi.

Tulipokuwa tunatoka, bibi akaniita. Akasema, "Torna. Torna." Nikamwangalia nesi. Nesi akasema hilo hata yeye analijua, bibi humwambia kila anapomaliza zamu: rudi.

Kumbe ni neno fupi hivyo.

Njiani Arlène alitembea karibu nami. Nilisubiri anisomee makosa. Akasema tu kwamba kusema kweli yeye Kifaransa hakipendi, na sauti ile niliipata wapi. Nikamwambia ni somo la mwaka wa tatu.

Jumapili, 10 Agosti

Leo nilikuwa na mpango mmoja tu, nao ulikuwa wa heshima. Nilipanga kusimama na kusema "bado". Bado sina shahada, bado sina cheti, bado sina leseni, nitavitafuta kwa utaratibu wake, kimoja baada ya kingine, kama Mwalimu Hedwiga. Nilikariri njia nzima. Nilivaa gauni linalobana ili nisivute pumzi nyingi na kusema mengi.

Mchungaji akaita shuhuda. Arlène akasimama wa kwanza. Akamshukuru Mungu kwamba yeye tayari ni mkaguzi wa walimu. Makofi. Akaketi, akanitazama, mara hii si viatu.

Nikasimama. Nikaona kina mama wote wananitazama kwa upendo. Nikaona Tantine amekaa na mkoba wake mapajani, na kile kiti cha pembeni yake anachokiwekea mkoba kila Jumapili halafu anauondoa, kana kwamba kuna mtu anakuja.

Nikamshukuru Mungu kwamba Mama yangu, Thérèse, ameshafika nyumbani. Kwa Krismasi. Nimekwenda kumpokea uwanja wa ndege, nimebeba sanduku lake dogo, yeye kubwa.

Ngoma hazikupigwa mara moja. Kwanza watu waligeuka kumtazama Tantine. Kisha Tantine akasema amina, peke yake, kwa sauti niliyomsikia nayo Jumanne. Kisha gereji yote ikalipuka.

Sasa haiwezekani kurudi nyuma. Mama Célestine amechukua sombe, yaani kisamvu, na samaki. Mama mwingine amechukua bugali kwa watu mia. Mchungaji ametangaza basi la kanisa litakwenda kumpokea. Mwalimu Hedwiga, niliyemwalika aje kusikiliza nikisema "bado", aliniita nje. Akasema mimi si wa kufundishika. Kisha akasema ataleta wali wa nazi.

Mama, ukurasa huu mmoja nimeupiga picha, nakutumia. Mingine ni siri. Mambo ya polisi utayasikia kwa Tantine, usimwamini yote. Mwambie Bibi Ada kwamba huku kuna mtu mmoja ambaye karibu ni mwalimu wa Kiitaliano, na anampa pole, na hana kinyongo. Torna, Mama. Nimelitamka sawasawa? Usijibu hilo. Jibu hili, leo leo, maana saa zetu ni moja na vyungu vimeshagawanywa: ndege yako inatua siku gani?